Semeni Kama Mlifanyiwa Upasuaji

Haya mashindano ya kupunguza uzito hapa Moshi yamenichosha. Jirani yangu, mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, alilipia mazoezi ya miezi mitatu baada ya kuona bango la mshindi: picha ya kabla, picha ya baada, na kopo la chai ya kupunguza mwili mkononi. Alfajiri anakimbia, usiku analala na njaa, kisha ananiuliza, "Dada, mimi nina kasoro gani?"

Hana kasoro yoyote! Yule mshindi alipunguzwa mfuko wa chakula. Katika upasuaji ule huondolewa karibu asilimia 80 ya mfuko, na homoni ya njaa hushuka. Mtu anashiba kwa vijiko vichache. Simlaumu kwa kupasuliwa. Ni tiba halali, ina maumivu yake, na vitamini atameza maisha yote. Kinachoniuma ni kunyamaza, akapokea zawadi mbele ya watu waliotoa jasho, halafu akatangaza chai. Waandaaji nao walijua. Si wangeandika tu kwenye bango, kwa herufi kubwa, kwamba alifanyiwa upasuaji?

Mama wa watu naye aliichukua chai ile kwa mkopo, na bado anadaiwa hela ya kopo.