Moto wa Kansas na sisi wapenda miti

Kila Aprili moshi wa Flint Hills, vilima vya mashariki mwa Kansas nchini Marekani, husafiri hadi Kansas City, na miaka mingine hufika Lincoln na Omaha huko Nebraska. Wafugaji wanachoma malisho. Mjini watu wanakohoa. Malalamiko ya mjini si deko. Moshi huo huongeza ozoni, gesi inayoumiza mapafu, hewani, na mwenye pumu huwezi kumwambia avumilie kwa ajili ya nyasi. Mwaka 2010 jimbo la Kansas lilitoa mpango wa kudhibiti moshi, likiwataka wafugaji wausome upepo kabla ya kuwasha. Sawa kabisa.

Nisichokubali ni pale "punguzeni moshi" inapogeuka kuwa "acheni kuchoma". Prairi ya nyasi ndefu, yaani mbuga asilia ya Marekani, imebaki chini ya asilimia 4 ya ilivyokuwa. Sehemu kubwa ya hicho kilichobaki iko Flint Hills, na iliokolewa na mawe: plau iliyolima jimbo la Iowa karibu lote hapa iligonga gumegume.

Lakini mawe hayazuii miti; moto ndio huizuia. Katika kituo cha utafiti cha Konza, karibu na mji wa Manhattan wa hukohuko Kansas, tangu miaka ya 1970 kuna maeneo yanayochomwa kila mwaka, mengine kila baada ya miaka 2, 4 au 20. Mtu angedhani miaka 4 inatosha. Haikutosha: vichaka vilijipenyeza. Na hapo ndipo pa kutafakari, kwa sababu kichaka kikishakomaa, kivuli chake huua nyasi, na nyasi ndizo kuni za moto. Moto ukija tena unazunguka pembeni na kupita. Anayeahirisha kuchoma leo hana uhakika kwamba kesho moto utamsaidia. Kuna pia mreteni, ndugu wa mtarakwa wa Kenya: ukiwa mchanga moto huuteketeza, ukiachwa ukarefuka ni kazi ya msumeno. Sisi tuliolelewa na "kata mti, panda mti" tunapata taabu kuuona mti kama mvamizi.

Wachomaji nao wana lao. Kuchoma kila kitu kila mwaka humnyima kuku wa prairi, ndege wa porini anayetaga chini, nyasi kuukuu za kutagia, na aina chache za nyasi zenye nguvu huisonga mimea ya maua. Konza ilipowarudisha nyati wa Marekani, wakazila nyasi hizo, aina za mimea ziliongezeka. Ndiyo maana naona njia ya kuchoma theluthi moja ya shamba kila mwaka, kwa zamu, ina mantiki: ng'ombe wenyewe hufuata majani mabichi palipoungua, kwingine kunapumzika, na moshi wa Aprili unapungua. Ugumu uko kwenye mikono. Ukichoma shamba zima, barabara na mto hukuzuilia moto. Ukichoma theluthi, lazima ukate njia za kuuzuia katikati ya malisho na upate watu wa kuzilinda, na mfugaji mwenye gari moja la maji hana watu hao.