Kabla ya skrubu, tuambieni habari za mfupa

Mwandishi, kwenye makala yako ya meno umesema jino la kupandikiza "unawekewa leo, kesho unatafuna nyama". Hapo umewadanganya watu kidogo. Mimi niling'olewa gego la chini miaka sita iliyopita hapahapa Dodoma, nikapewa jino bandia la kuvaa na kuvua. Siku ya kwanza tu nikala zabibu za Hombolo, mbegu moja ikajipenyeza chini ya ile plastiki. Nilimaliza kikao kizima nimefumba mdomo kama niliyesusa. Tangu hapo jino linakaa zaidi kwenye kikombe kuliko mdomoni.

Mwaka huu nikaulizia la kupandikiza. Daktari akanionyesha picha ya eksirei: pale lilipokuwa gego, pamebonyea. Jino likishatoka, mfupa uliokuwa umelishika hunywea taratibu, na ile skrubu ya metali ya titaniamu, inayowekwa mfupani badala ya mzizi wa jino, inataka mfupa wa kuing'ang'ania. Ikishawekwa, unasubiri mfupa ushikamane nayo, mara nyingi miezi 3 hadi 6, ndipo jino lenyewe lifungwe juu. (Si mambo ya jana haya, daktari Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965.) Wavuta sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa ndio skrubu huwagomea zaidi, nawe hukuwagusa kabisa.

Bei siitaji. Nilipotajiwa, niliuliza kama ni ya mdomo mzima.