Komputa moja watu watatu siyo tatizo, tatizo ni nani kashika mausi

Kila nikikaa na walimu wenzangu huku Mbeya stori ya komputa inaishia palepale, hazitoshi. Ni kweli hazitoshi, sibishi, kuna shule mashine zinazowaka unazihesabu kwa vidole na darasa limejaa mpaka mlangoni. Lakini mi nafundisha fizikia upande wa Uyole na naona hata kila mtoto akipewa ya kwake, kama kazi yenyewe ni kunakili notsi kutoka kwenye skrini hatujafanya kitu. Watoto watatu kwenye mashine moja wanaweza kuelewa zaidi ya mmoja aliyekaa peke yake, ila hiyo haiji yenyewe, mwalimu lazima uipange.

Grupu likiachwa hivihivi linaendaje? Kuna kipanga mmoja, kashika mausi, anabofya tu, wa pili anamwangalia, wa tatu kajikunyata na sweta lake maana baridi ya Juni huku siyo mchezo. Kipindi kinaisha majibu yote sahihi na grupu zima linapewa maksi. Vyuoni ndo balaa, asainimenti ya watu kumi wanafanya wawili, wengine wanaibuka kwenye grupu la WhatsApp usiku, "wakuu msisahau jina langu", afu tunasema wamesoma pamoja.

Kwangu sheria ni mbili. Mausi inazunguka, na hakuna kubofya mpaka kila mmoja aseme anadhani nini kitatokea na kwa nini. Natumia PhET, majaribio ya kwenye komputa ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, aliyeanzisha ni Carl Wieman mwaka 2002, yule aliyepata Nobel ya fizikia 2001, unashusha mara moja na baada ya hapo huhitaji bando. Kuna siku mabinti watatu wa fomu tatu walikuwa na betri moja na taa moja imewaka, wanataka kuongeza ya pili sambamba na ile ya kwanza. Mmoja akasema zitafifia, si umeme wanagawana? Mwenzie akamkatalia, hazififii bwana, kila taa si ina njia yake. Wakabishana weee mpaka yule wa tatu, ambaye darasani humsikii kabisa, akauliza, sasa mbona nyumbani mama akiwasha taa ya jikoni ya sebuleni haififii? Kimya. Wakabofya, taa zote mbili zikawaka sawasawa. Na yule wa kwanza hakukubali kirahisi, akaomba mausi akazipanga mfululizo, yaani zote kwenye njia moja, zikafifia kweli, akawaambia ndo hii niliyokuwa nasema! Ningeweza kuandika ubaoni mwezi mzima nisipate hicho.

Na hapo walikuwa wanaongea Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani wa NECTA utakuja kwa Kiingereza, lakini mtoto anayetafuta maneno ya kigeni hawezi kubishana, atanyamaza au atakariri. Waacheni wabishane kwa lugha wanayoijua, wakishaelewana ndo waandike hitimisho kwa Kiingereza, wote watatu, kila mtu sentensi yake.

Wapo wanaonitajia Sugata Mitra, aliyeweka komputa ukutani kule Kalkaji, Delhi, mwaka 1999 na watoto wa mtaani wakafundishana kuitumia bila mwalimu. Jambo zuri sana, watoto wanafundishana kweli. Ila kutoka hapo kusema mwalimu akae pembeni mi nakataa, kujua kubofya na kujua kwa nini taa imefifia ni vitu viwili tofauti. Mi navutiwa zaidi na walichofanya Marlene Scardamalia na Carl Bereiter kule Toronto miaka ya 1980, programu ambayo mwanafunzi anaandika wazo lake pale darasa zima linapoliona, anaanza na maneno kama "nadharia yangu ni" au "nahitaji kuelewa", na wenzie wanajenga juu yake. Hiyo unaiweza hata kwa faili moja la Word kwenye mashine ya maabara, grupu la asubuhi linaandika, la mchana linajibu.

Sasa ninachokitaka mwaka huu ni shule na shule. Tukuyu mvua inamwagika karibu mwaka mzima, mvuke wa Ziwa Nyasa unapanda ukigonga Mlima Rungwe, wakati upande wa pili kule Usangu ni pakavu mpaka wakulima wa mpunga wanategemea mifereji. Kila shule ipime mvua yake kila asubuhi, namba ziingie kwenye faili moja la Excel lenye safu ya kila shule, watoto wachore grafu na wabishane kwa nini hawa wamepata na wale wamekosa. Intaneti ikigoma flashi inapanda kosta na konda anaifikisha, mbona mizigo tunatumiana kila siku. Mwalimu wa jografia wa Tukuyu, na wewe wa Rujewa kule Usangu, sisi Uyole tuko tayari, tuanze na mvua za Novemba.