Habu za Mbele: Zikae Zimefungwa au Zifunguliwe?

Wakikutana madereva wa pikapu za fowili, zile zinazoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, ubishi huu hauchelewi kuzuka. Mmoja anasema akishafunga habu zake mvua zinapoanza, hazigusi tena mpaka ardhi ikauke. Mwenzake anamshangaa: kwa nini uzungushe difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya mbele, bure kilomita zote hizo? Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba mara nyingi mmoja anazungumzia habu na mwingine anazungumzia gia ya transfa, na kuchanganya vitu hivyo viwili ndiko kunakovunja magari.

Habu ni kile kifuniko cha mviringo katikati ya gurudumu la mbele, chenye kishikio unachokizungusha kwa vidole. Kikielekea palipoandikwa LOCK, gurudumu linaungana na shafti iliyo ndani ya ekseli. Kikielekea FREE, gurudumu linazunguka peke yake juu ya beringi zake na shafti inapumzika. Kazi yake inaishia hapo. Habu haipeleki nguvu ya injini popote. Anayeipeleka mbele ni transfa, ile gia fupi iliyo kando ya gia kubwa, unapoitoa 2H (magurudumu mawili ya nyuma) na kuiweka 4H (yote manne, mwendo wa kawaida) au 4L (yote manne, mwendo wa polepole wenye nguvu zaidi).

Kwa hiyo aliyefunga habu huku transfa ikiwa 2H, gari lake bado linasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kilichoongezeka ni kwamba magurudumu ya mbele sasa yanazungusha shafti zake, shafti zinazungusha difu, na difu inazungusha propela ya mbele, ule mhimili mrefu chini ya gari, ambayo inafika kwenye transfa na kukuta haijaunganishwa na chochote. Hakuna kinachoshindana na kingine. Unaweza kukata kona kali kwenye lami kavu hivyo hivyo na gari lisilalamike.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi dereva akiambiwa kwamba kufunga habu kwenye lami kunaua giaboksi. Kinachoua ni 4H kwenye lami kavu. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo yanahitaji kuzunguka zaidi. Lakini transfa ya aina hii haina difu ya katikati. Ikiwa 4H inafunga propela zote mbili zizunguke sawasawa. Kwenye matope au changarawe, tairi linateleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Lami haitoi nafasi ya kuteleza, basi mkazo unajikusanya ndani ya shafti kama kamba inayosokotwa. Ukigeuza ili uegeshe, usukani unakuwa mzito na unataka kurudi wenyewe, gari linarukaruka kana kwamba umeshika breki, na gia ya transfa inakwama unapotaka kuirudisha 2H. Hapo dawa ni kurudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, mkazo uachie, kisha ujaribu tena. Ukilazimisha kila siku, utakula matairi kwanza, halafu krosi za propela (viungo vyake vinavyopinda), halafu gia zenyewe.

Wanaotaka habu zifunguliwe nao wasipuuzwe. Historia iko upande wao: jipu za Willys za Vita Kuu ya Pili hazikuwa na habu za kufungua, kwa hiyo ekseli ya mbele ilizunguka muda wote hata pasipohitajika. Vita vilipokwisha na jipu hizo kuuzwa kwa raia, Mmarekani Arthur Warn alianza mwaka 1948 kutengeneza habu za kuziachia zikiwa barabarani. Lengo lilikuwa kupunguza uzito wa kuzungushwa, kelele na uchakavu, na faida hizo bado zipo. Kwenye safari ndefu ya mwendo wa kasi, difu na propela ya mbele ni mzigo wa ziada kwa injini, hata kama ni mdogo. Kama gari limeinuliwa springi, propela ya mbele hukaa kwa pembe kali na unaweza kuusikia mtetemo wake sakafuni. Ipo pia sababu ninayoiona nzito kuliko mafuta: habu zikiwa zimefungwa, mkono ukiisogeza gia ya transfa kwa bahati mbaya, uko kwenye fowili kamili juu ya lami. Habu zikiwa wazi, kosa hilo halikufiki kirahisi. Na ikitokea krosi au shafti ya mbele imevunjika ukiwa mbali, kufungua habu zote mbili mara nyingi ndiko kutakakokufikisha nyumbani.

Hata hivyo, magari yanayovuta kwa magurudumu yote muda wote, kama Range Rover tangu 1970, huzungusha shafti za mbele maisha yao yote, na difu yao ya katikati ndiyo inayozuia mkazo ule. Kuzunguka kwenyewe hakuui. Kukaa bila kuzunguka ndiko kunakoleta shida ya kimyakimya: mafuta ya difu yanatulia chini, gia na sili za juu zinakauka, grisi ndani ya habu inaganda. Ndiyo maana baadhi ya vitabu vya mwongozo vinataka ekseli ya mbele itumike walau kilomita chache kila mwezi. Dereva anayejivunia kwamba hajagusa habu zake mwaka mzima asishangae siku anayozihitaji zikigoma kugeuka.

Siku hiyo mimi nimeiona, nikiwa kiti cha abiria. Tulikuwa tunapanda mteremko wa udongo mwekundu uliolowa. Dereva akaweka 4L, akakanyaga. Gari likanguruma, matairi ya nyuma yakachimba, sisi tukawa tunashuka badala ya kupanda. Niliposhuka, nilichokiona ni magurudumu ya mbele yamesimama tuli. Habu zilikuwa FREE. Matope yalikuwa yamefika katikati ya rimu, tukakwangua kwa kijiti mpaka kile kishikio kikaonekana, na vidole vyangu vilivyolowa havikuweza kukizungusha. Tulitumia koleo na kitambaa, dakika ishirini za kupiga magoti, kwa kazi ya sekunde kumi iliyopaswa kufanywa pakavu. Na tulikuwa na bahati. Ukiwa 4L habu zikiwa wazi, nguvu yote ya gia ile nzito inaishia kwenye ekseli ya nyuma peke yake, na shafti ya nyuma inaweza kukatika.

Kwa hiyo nikipima pande zote mbili, sioni usawa. Kosa la kusahau habu zimefungwa, transfa ikiwa 2H, linakugharimu mafuta kidogo na kelele kidogo. Kosa la kusahau habu ziko wazi linaweza kukugharimu shafti, au kukulaza porini. Ndiyo maana naegemea upande wa kufunga mapema: msimu wa mvua, barabara za vumbi na milima, au siku yoyote usiyoijua njia iliyo mbele, funga kabla ya kuondoka na uache hivyo. Fungua unapokuwa na uhakika wa lami kwa siku kadhaa. Mwenye habu za otomatiki, zinazojifunga zenyewe, ana urahisi wake, ila nyingi huhitaji gari lirudi nyuma kidogo ndipo ziachie, na kwenye mteremko mkali zinaweza kuachia wakati unaitegemea injini ikusaidie kufunga breki.

Jambo moja halina pande mbili: habu moja isifungwe na nyingine ikaachwa. Ukiweka 4H hivyo, difu itaitupa nguvu kwenye shafti iliyo huru na magurudumu ya mbele hayatavuta kabisa. Ukiwa 2H, gia ndogo za ndani ya difu huzunguka bila kupumzika na kuchakaa. Kama una shaka, weka transfa 2H, inua gurudumu moja kwa jeki salama, lizungushe kwa mkono na uchungulie nyuma yake. Shafti ikizunguka pamoja na gurudumu, habu imeshika. Ikisimama, alama ya nje inakudanganya, fungua kifuniko uangalie grisi.