Swali la maandishi ni silaha ya mbunge aliye peke yake

Watanzania tunaoishi Uingereza tuna haki ambayo wengi wetu hatuitumii ipasavyo. Kwa kuwa nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, anayeishi huku kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu, na hata asiyepiga kura anaweza kumwandikia mbunge wa eneo analoishi akamwomba aihoji Serikali kwa niaba yake. Kwa upande wa nyumbani, aliye nje ya nchi hapigi kura, hivyo kinachotuunganisha na Bunge letu ni matangazo na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Nimeyafuatilia mabunge haya mawili kwa muda mrefu, na msimamo wangu ni kwamba tofauti kubwa kati yake haiko katika makelele ya ukumbini wala katika ufasaha wa wabunge, maana wetu ni wasemaji hodari. Iko katika uzito unaopewa swali linaloulizwa kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi.

Huku mbunge asiye waziri haombi ruhusa ya kiongozi wa chama ili aulize, hahitaji kuungwa mkono na wenzake, na halazimiki kusubiri apewe nafasi ya kusimama ukumbini. Hulipeleka swali kwa makarani wa Bunge, nao hukagua kama linahusu jambo lililo chini ya mamlaka ya waziri, kama lina msingi wa ukweli, na kama haliingilii shauri lililoko mahakamani. Swali la kawaida, kwa desturi, hujibiwa ndani ya siku 7. Mwenye haraka anaweza kutaja siku anayolitaka jibu, mradi asizidishe maswali 5 ya namna hiyo kwa siku. Katika Baraza la Malodi, ambalo ni baraza la juu la Bunge la Uingereza, muda wa kujibu ni siku 10 za kazi. Kila swali hupewa namba, huchapishwa pamoja na jibu lake, na mtu yeyote anaweza kulitafuta katika mtandao kwa jina la mbunge, kwa wizara au kwa tarehe. Isitoshe, Kamati ya Kanuni ya Bunge la Makabwela, yaani baraza la chini la wabunge waliochaguliwa, hufuatilia ni wizara zipi zinachelewa, nazo hutakiwa kujieleza.

Nguvu ya utaratibu huu inategemea sana namna swali linavyoundwa. Mbunge akiuliza Serikali ina mpango gani wa kuboresha huduma fulani, atapewa hotuba fupi. Akiuliza ni maombi mangapi yalipokelewa mwaka uliopita, mangapi yalijibiwa, na mangapi yamepitisha muda uliowekwa, wizara ina njia mbili tu: itoe hesabu, au iseme kwamba takwimu hizo hazikusanywi. Jibu la pili nalo lina faida kubwa, kwa sababu Serikali inakuwa imekiri kwa maandishi kwamba inaendesha jambo isilolipima. Swali hilohilo likirudiwa kila mwaka kwa maneno yaleyale, majibu yake huwa mfululizo wa takwimu ambao wizara yenyewe haikukusudia kuuchapisha, na waandishi wa habari, watafiti na vyama vya kiraia huutumia.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Tam Dalyell, mbunge wa Labour kutoka Scotland. Tarehe 2 Mei 1982, katika vita vya Falkland, nyambizi ya Uingereza iliizamisha meli ya Argentina iitwayo General Belgrano, na watu 323 wakafa. Serikali ililiambia Bunge kwamba meli ile ilikuwa ikikisogelea kikosi cha Uingereza. Dalyell hakuridhika. Kwa zaidi ya miaka miwili alidai maelezo ya mambo madogomadogo ambayo hayana mvuto wowote jukwaani: meli ilionekana lini, ilikuwa ikielekea wapi, nani alijua nini na saa ngapi. Wengi walimwona msumbufu. Mwaka 1984 ofisa mwandamizi wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, aliona jinsi majibu ya kumpotosha yalivyokuwa yakiandaliwa, akamtumia nyaraka zilizothibitisha kwamba meli ilikuwa imegeuka na kuondoka saa kadhaa kabla ya kupigwa. Ponting alishtakiwa kwa kutoa siri za Serikali, na Februari 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru. Dalyell hakuwa na wingi wa kura, na chama chake kilikuwa upinzani. Alichokuwa nacho ni maswali, na Serikali ililazimika ama kuyajibu ama kuonekana inayakwepa.

Sisemi kwamba Waingereza ni malaika. Wizara hukataa kujibu ikiwa gharama ya kutafuta taarifa inapita kiwango kilichowekwa, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa pauni 850, na wabunge wengi wanalalamika kwamba kisingizio hiki hutumiwa vibaya. Yapo pia majibu yanayosema kweli nusu. Ripoti ya Jaji Richard Scott ya mwaka 1996, kuhusu uuzaji wa vifaa vya kijeshi kwa Iraki, ilionyesha kwamba masharti ya mauzo yalilegezwa baada ya mwaka 1988 huku wabunge waliouliza wakiendelea kuambiwa kwamba sera haijabadilika. Lililofuata ndilo ninalotaka tuliangalie kwa makini. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha azimio kwamba waziri ana wajibu wa kutoa taarifa sahihi na za kweli, kwamba akikosea bila kukusudia asahihishe mapema iwezekanavyo, na kwamba akilipotosha Bunge kwa makusudi anatarajiwa kutoa barua ya kujiuzulu. Jibu la swali likawa jambo linaloweza kumgharimu mtu cheo chake.

Nyumbani msingi wa kisheria tunao, na kwa maoni yangu ni imara. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inataja waziwazi kwamba linaweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi kabla ya kikao, Naibu Waziri husoma jibu, mwuliza swali huongeza mawili ya nyongeza, na yote huingia katika Hansadi. Tena mambo haya hufanyika kwa Kiswahili, lugha ambayo mwananchi wa kawaida anaielewa, na hilo ni jambo la kujivunia.

Udhaifu uko katika aina ya swali. Swali letu kubwa ni "Je, ni lini Serikali itajenga?" barabara, kituo cha afya, daraja. Ni swali la halali, maana mbunge ametumwa na watu wenye shida ya kweli. Lakini ni swali linaloomba ahadi, na ahadi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwa Serikali kuitoa. Jibu tunalijua: upembuzi yakinifu unaendelea, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Ningependa wabunge wetu waulize ni kiasi gani Bunge liliidhinisha kwa mradi huo katika mwaka wa fedha uliopita, ni kiasi gani Hazina ilikitoa hadi mwisho wa kila robo mwaka, na mkandarasi alilipwa lini. Maswali ya namna hiyo hayafai kusomwa kwa haraka asubuhi ukumbini. Yanafaa jibu la maandishi lenye jedwali. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutueleza yaliyokwisha kutokea, wakati swali la maandishi linaweza kugundua tatizo mradi ukiwa bado unaendelea.

Kuna anayeweza kusema kwamba katika Bunge ambalo chama kimoja kina takriban viti vyote vya majimbo, kama ilivyokuwa baada ya uchaguzi wa 2020, maswali hayabadilishi kitu. Mimi naona kinyume chake. Pale ambapo kura haiwezi kuishinda Serikali, swali ndilo chombo kilichobaki, na mbunge wa chama tawala anaweza kulitumia bila kuonekana amekiasi chama, kwa kuwa anaomba hesabu tu, na anaiomba kwa maandishi, mbali na shangwe na zomeazomea.

Ahadi nazo zinahitaji mwenye kuzifuatilia. Bunge la chini la India lina Kamati ya Ahadi za Serikali tangu mwaka 1953, ambayo kazi yake ni kuchambua majibu ya mawaziri, kuorodhesha kila lililoahidiwa, na kuihoji wizara iwapo ahadi haijatekelezwa. Majirani zetu wa Uganda wana kamati ya aina hiyo. Yenye kufaa Dodoma ingeanza na Hansadi za mkutano mmoja tu wa bajeti: ahadi, jina la wizara, tarehe iliyotajwa, na safu ya mwisho iliyoachwa wazi ili wizara yenyewe iijaze.