Sauti ya baba mkubwa

Asante kwa makala kuhusu wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, wanaoimba ili kutunza sauti. Hapa Kadutu, Bukavu, baba yangu mkubwa aliimba besi kwenye kwaya miaka mingi; leo hata mezani lazima umwinamie ndiyo umsikie. Majirani walisema karogwa, eti mikono haitetemeki bure. Kumbe ni Parkinson hiyo: dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza misuli, inapungua, na misuli ya pumzi na koo inakakamaa kama ya miguu. Lakini Jumapili akianza wimbo wa zamani, sauti hiyo! Dawa yake, levodopa, asiiache, kuimba hakuponyi. Ila mwandishi angegusia pia kumeza: mzee anapaliwa na chai kila siku, na misuli mingi anayoimbia ndiyo hiyohiyo anayomezea.