Pipi, nyota na hamu ya mtoto

Mpwa wangu ana miaka mitano. Likizo ya Desemba, kila bibi yake alipotoa ungo wa mchele, alikimbilia kukaa naye mkekani. Akiokota chuya moja moja na kuzipanga mstari sakafuni, na akipata kijiwe nyumba nzima tunasikia. Siku moja, kwa kufurahishwa naye, nikamwambia: "Ukimaliza nitakununulia pipi." Kesho yake ungo ulipotoka hakusogea. Akauliza kwanza: "Leo nitapewa nini?"

Swali hilo limenikaa moyoni, kwa sababu nia yangu ilikuwa kumtia moyo.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walilipima jambo hili katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe. La pili lilichora tu, kisha likapewa cheti hichohicho bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila ahadi. Walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti bila kutarajia hamu yao ilibaki palepale.

Kwa hiyo cheti chenyewe hakikuwa na kosa. Ahadi ndiyo iliyogeuza mchezo kuwa kibarua, na kibarua hakifanywi bila ujira.

Lakini wapo wazazi wanaosema, na wana haki: si kila kitu kinapendeza kama kalamu za rangi. Kupiga mswaki usiku kunapendeza nini? Kurudia silabi zilezile je? Mtoto ambaye hana hamu hiyo tangu mwanzo, zawadi itampotezea nini? Watafiti Judy Cameron na David Pierce walipokusanya tafiti nyingi mwaka 1994 walihitimisha kuwa hofu juu ya zawadi imekuzwa. Edward Deci na wenzake wakajibu mwaka 1999 kwa majaribio 128: kwa kazi ambayo mtu anaipenda, zawadi ya kushikika iliyoahidiwa hupunguza hamu, na watoto huathirika zaidi kuliko wanachuo. Nikiziweka hoja hizi pamoja sioni kwamba moja inaifuta nyingine. Mama anayerudi usiku amechoka, akabandika nyota ukutani kila mtoto anapopiga mswaki, simlaumu hata kidogo. Nyota hiyo inamvusha mtoto mpaka azoee, kisha iondolewe taratibu. Hasara inakuja tunapolipia kile alichokuwa anakifanya kwa raha yake.

Ninachokipinga waziwazi ni kuwapanga watoto wadogo kwa nafasi. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora wa kidato cha nne. Lakini bado wapo watoto wa chekechea wanaorudi nyumbani na ripoti ya "nafasi ya 31 kati ya 45". Mtoto huyo haelezwi herufi ipi inamshinda. Anachojua ni kwamba wenzake thelathini wamempita, na kesho anatakiwa aende tena.

Bibi wa mpwa wangu hakumjibu lile swali la pipi. Alichota konzi mbili za mchele, akautia kwenye ungo mdogo, akamsogezea: "Huu wako. Anzia unapotaka, mimi siugusi." Siku hiyo mtoto alichambua nusu, akaondoka kwenda kucheza, na hakuna aliyemwita. Kesho yake alikuja mwenyewe kuuliza ungo wake uko wapi.